Ramani ya wilaya inapogoma: kutafuta kasoro katika ripoti za Power BI nchini Uganda

Mauzo kwa wilaya, mikopo ya SACCO, chanjo, kahawa iliyonunuliwa: bosi akishaona namba anauliza, "Ramani iko wapi?" Ramani ikiwekwa, malalamiko huanza. Wilaya hii nyeupe, ile imehamia Kenya, Kampala haionekani, jumla imeongezeka maradufu.

Sehemu kubwa ya malalamiko hayo haitokani na ramani. Ramani ndani ya programu ya ripoti ni jedwali lako lililounganishwa na kitu cha pili, ama faili la mipaka, ama huduma ya mtandaoni inayotafuta mahali kwa jina. Upande mmoja ukiandika "Luwero" na mwingine "Luweero", hakuna rangi. Ndiyo maana kila dalili hapa inaanzia kwenye jedwali, na mipangilio ya ramani inafuata baadaye.

Mifano ni ya Power BI Desktop, programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti, na majina ya vitufe yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini. Mwenye Tableau au Excel atakuta vitufe vingine, ila vyanzo vya kasoro ni vilevile.

Kwanza kabisa

Hifadhi nakala ya faili la .pbix kwa jina jingine. Kisha fungua ukurasa mtupu, weka jedwali la kawaida lenye safu ya wilaya na kipimo chako, na usome orodha yote kwa macho. Kama "Mbale" imetokea mara mbili hapo, au kuna mstari usio na jina wenye mamilioni, usiguse ramani. Rudi kwenye data.

Hesabu pia majina tofauti uliyo nayo. Uganda ina wilaya 135, na juu yake Jiji la Kampala. Ukihesabu peke yake na yale majiji 10 ya mwaka 2020 unafika 146. Sensa ya 2014 ilitumia wilaya 112, Kampala ikiwemo, na ile ya 2002 ilitumia 56. Idadi uliyopata inakuonyesha data yako ni ya enzi gani. Ukikuta 112, umeshikilia mipaka ya 2014. Ukikuta 163, una makosa ya tahajia.

Dalili: fremu tupu, au ujumbe kwamba ramani imezimwa

Sababu ya kawaida ni mpangilio wa usalama. Nenda File, Options and settings, Options, kisha chini ya Global chagua Security na uweke tiki kwenye "Use Map and Filled Map visuals". Funga programu na uifungue upya.

Ikiwa ramani inaonekana kwenye kompyuta yako lakini inapotea ripoti ikishapandishwa mtandaoni, tatizo liko kwa msimamizi wa akaunti ya shirika. Ana swichi yake ya ramani kwenye ukurasa wa usimamizi, na ramani za Azure Maps zina swichi nyingine tofauti. Huwezi kuirekebisha ukiwa kwenye Desktop hata ukikesha. Mwandikie, mtajie jina la ramani unayotumia, kisha subiri.

Sababu ya tatu ni mtandao wa ofisi. Unganisha kompyuta na bando la simu kwa dakika mbili. Ramani ikitokea, ukuta wa ulinzi wa ofisi ndio unaozuia anwani za huduma ya ramani. Mpe mtu wa mtandao taarifa hiyo. Usiendelee kuzunguka ulinzi wa ofisi kwa bando lako.

Ikiwa unachokosa ni aikoni ya Shape map tu, ile ramani inayochorwa kwa faili la mipaka, angalia kwenye Options hiyohiyo, chini ya Preview features.

Ripoti mpya usiijenge juu ya ramani za zamani zinazotegemea Bing. Microsoft inazihamishia kwenye Azure Maps, na kazi ya leo itakuwa ya kurudiwa.

Dalili: wilaya imevuka mpaka

Busia ya Uganda imetua Kenya. Mbale imekwenda Vihiga. Mauzo ya "Central" yako Zambia au Botswana. Hapa programu imepewa jina tupu ikaambiwa itafute duniani kote, na dunia ina Busia zaidi ya moja.

Bofya safu ya wilaya, kisha kwenye Column tools tazama "Data category". Ikiwa haijachaguliwa kitu, programu inakisia. Jaribu "State or Province", na isipokubali jaribu "County". Aikoni ya dunia itatokea kando ya jina la safu.

Mara nyingi hilo halitoshi, basi tengeneza safu mpya inayotaja nchi:

Mahali = Mauzo[Wilaya] & " District, Uganda"

Itumie hiyo kwenye ramani na uipe kundi la "Place". Busia itarudi nyumbani. Kwa Tableau, njia ni Map, Edit Locations, kisha unafunga nchi iwe Uganda badala ya kuiacha ijitafutie.

Mikoa na kanda ni habari nyingine. "Central", "Eastern", "Northern" na "Western" ni majina ambayo nchi nyingi zinayo, na kanda kama Acholi, Lango, Teso, Bukedi au Kigezi usitegemee huduma ya kutafuta kwa jina izijue kama maumbo yenye mipaka. Usipoteze mchana kuzitafutia kundi sahihi. Kanda huchorwa kwa faili lako mwenyewe la mipaka, na njia yake imeelezwa mbele kidogo.

Angalia pia kama umeweka nchi, mkoa na wilaya zote kwenye kisanduku cha Location. Ramani huonyesha ngazi ya juu kwanza, na mtu hudhani wilaya zimepotea kumbe hajashuka ngazi kwa mishale iliyo juu ya ramani.

Dalili: wilaya kadhaa ni nyeupe

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na ina vyanzo vingi vinavyofanana kwa sura. Vifuate kwa mpangilio, kwa sababu kile cha kwanza kikiwepo vingine havionekani.

Anza na nafasi zilizojificha. Jina lililonakiliwa kutoka PDF au ukurasa wa wavuti mara nyingi lina nafasi mwishoni, wakati mwingine ile nafasi isiyokatika ambayo TRIM ya Excel haiiondoi. Kwenye Power Query, sehemu ya Power BI ya kusafishia data, badilisha nafasi hiyo kwanza, kisha punguza, kisha weka herufi kubwa pande zote mbili:

Text.Upper(Text.Trim(Text.Replace([Wilaya], "#(00A0)", " ")))

Herufi kubwa si urembo. Kuunganisha majedwali ndani ya Power Query hutofautisha "Gulu" na "GULU", ilhali uhusiano wa majedwali kwenye modeli hautofautishi. Watu hupata matokeo mawili kwa data ileile na kudhani kompyuta ina pepo.

Baada ya hapo tazama kiambishi. Data inayotoka kwenye mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2 huja na majina kama "Gulu District" na "Gulu City". Mafaili mengi ya mipaka yana "Gulu" tu. Ondoa " District" mwishoni, lakini " City" usiiondoe kwa pupa, tutaona sababu.

Halafu tahajia. Luwero na Luweero, Sembabule na Ssembabule, Kasanda na Kassanda, Bukwo na Bukwa, Madi-Okollo yenye kistari na isiyo nacho. Zote zinapatikana kwenye nyaraka za watu makini, kwa hiyo usipoteze muda kubishana ipi ni sahihi. Chagua ile iliyo kwenye faili lako la mipaka na utengeneze jedwali dogo la safu mbili, jina lililokuja na jina sanifu. Jedwali hilo litakuokoa kila mwezi.

Kupata orodha ya yaliyokosa mwenzake, tumia Merge Queries, chagua aina ya "Left Anti", weka data yako upande wa kwanza na orodha ya mipaka upande wa pili. Mistari itakayobaki ndiyo majina yenye kasoro. Rudia ukigeuza pande, uone wilaya za kwenye mipaka ambazo data yako haina kabisa. Hizo huenda ni nyeupe kihalali: hamkuuza kitu huko.

Kuna kishawishi cha kuwasha ulinganishaji wa kukisia, ule wenye alama ya "fuzzy matching". Kwa majina ya wilaya za Uganda, tunashauri uuache. Kiwango chake cha kawaida ni 0.8, na majina yetu yanakaribiana mno: Amuru iko Acholi, Amuria iko Teso, na kinachozitofautisha ni herufi mbili za mwisho. Kabale na Kibaale. Kibuku na Kikuube. Kalaki, Kaliro, Kalungu. Kosa la aina hii halionyeshi weupe. Linapaka rangi wilaya isiyohusika, na hakuna atakayegundua mpaka meneja wa Kalungu alalamike.

Chanzo kinachofuata ni faili la mipaka kuwa la zamani. Terego ilitoka Arua mwaka 2020. Kazo, Rwampara, Kitagwenda, Obongi, Karenga, Kalaki na Madi-Okollo zilianza 2019. Kikuube, Bugweri, Kassanda, Kapelebyong, Nabilatuk na Kwania ni za 2018. Ikiwa zilizo nyeupe ni za orodha hii, faili lako limepitwa na wakati. Mipaka ya Uganda inapatikana bure kwenye tovuti ya Humanitarian Data Exchange, ikiwa na safu za majina na misimbo kwa kila ngazi. Soma tarehe yake kabla ya kuitumia.

Kisha majiji. Arua, Gulu, Jinja, Mbarara, Mbale, Masaka, Fort Portal, Hoima, Lira na Soroti ni majiji yenye utawala wake, na yalikatwa kutoka wilaya. Data mpya inatenganisha Lira na Lira City, faili la mipaka huenda halitenganishi. Ukifuta neno "City" ili majina yalingane, mauzo ya jiji yanajumlishwa na ya wilaya. Hilo linakubalika ukilifanya kwa kujua na ukaandika chini ya ramani "Lira ni pamoja na Jiji la Lira". Likifanyika kimyakimya, wastani kwa kila mtu utakuwa na idadi ya watu ya upande mmoja na mauzo ya pande mbili.

Mwisho, aina ya data. Msimbo 102 kama namba na "102" kama maandishi havikutani. Weka yote iwe maandishi.

Tiba ya kudumu ya sehemu hii yote ni kuacha majina na kuunganisha kwa msimbo. Kampala ina msimbo UG-102 kwenye orodha ya ISO, na mafaili mazuri ya mipaka huja na msimbo kwa kila wilaya. Jina libaki kwa ajili ya macho ya msomaji.

Kutengeneza faili lako la mipaka, na linapogoma

Shape map hupokea TopoJSON, aina mojawapo ya faili la mipaka. Ukipewa shepufaili (shapefile), fungua mapshaper.org na uburute mafaili yote manne kwa pamoja: .shp, .shx, .dbf na .prj. Ukisahau .prj, programu haitajua vipimo ni vya aina gani. Fungua konsoli yake na uandike kwa zamu:

-proj wgs84
-clean
-simplify 10% keep-shapes
-o format=topojson

Maneno "keep-shapes" yana kazi kubwa. Bila hayo, kupunguza mistari kunaweza kuondoa maumbo madogo kabisa, na wa kwanza kuumia ni visiwa vya Kalangala na Buvuma. Asilimia 10 ni pa kuanzia; ukiona mipaka imekuwa na pembe kali, panda hadi 20. Lenga faili lisilozidi megabaiti 1 au 2.

Kwenye Power BI, weka Shape map, nenda Format, Map settings, chagua "Custom map" na uongeze faili lako. Ramani ikitokea ya kijivu kitupu, bonyeza "View map type key". Hapo utaona funguo ambazo programu imezisoma ndani ya faili. Safu yako ya Location lazima ilingane na mojawapo ya hizo. Hatua hii hurukwa mara nyingi, na ndiyo inayomaliza kesi nyingi za "ramani imekubali lakini haina rangi".

Umbo likitokea mahali pa ajabu au limebanwa kama mstari, faili bado liko kwenye vipimo vya mita. Mafaili mengi ya Uganda yametengenezwa kwa UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita, aghalabu juu ya Arc 1960, msingi wa upimaji ulio tofauti na WGS84 ya GPS. Rudia hatua ya -proj ukiwa na .prj sahihi. Kama .prj haipo na hakuna anayejua faili lilipimwa kwa mfumo gani, ishia hapo. Ukikisia kati ya Arc 1960 na WGS84 mipaka itasogea mamia ya mita, ramani itaonekana nzuri, na kosa litabaki. Mpelekee mtaalamu wa ramani za kompyuta (GIS) au mpima ardhi.

Ikiwa Kalangala inapakwa rangi kisiwa kimoja tu, kila kisiwa kimeandikwa kama umbo la peke yake. Unganisha kwa -dissolve ukitaja safu ya msimbo. Amri hiyohiyo ndiyo inayotengeneza kanda: ongeza safu ya kanda kwenye jedwali la mipaka, kisha -dissolve kwa safu hiyo, na Karamoja itatoka kama umbo moja.

Dalili: vitone vya GPS vimetawanyika

Kitone kimoja kikubwa baharini, au hakuna kitone kabisa: programu imejumlisha latitudo. Ina tabia ya kuona namba na kuzijumlisha. Bofya safu ya latitudo, kwenye Column tools weka Summarization iwe "Don't summarize", kisha fanya hivyo kwa longitudo. Zipe pia makundi yake ya Latitude na Longitude.

Vitone vilivyokusanyika kwenye Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana, ni mistari yenye sifuri na sifuri. Mtu wa mashambani hakupata GPS, fomu ikajaza sifuri. Igeuze kuwa tupu.

Duka la Kampala likiwa Algeria, latitudo na longitudo zimebadilishana. Kampala ni takriban 0.3476 na 32.5825; ukizigeuza unatua kwenye jangwa.

Kwa ukaguzi wa haraka, tengeneza safu kwenye Power Query:

if [Lat] < -1.5 or [Lat] > 4.3 or [Lon] < 29.5 or [Lon] > 35.1 then "nje" else "ndani"

Kisanduku hicho kinaizunguka Uganda yote. Lakini kina tundu, na tundu lenyewe limekaa kwenye Ikweta. Sehemu ya kusini ya nchi ina latitudo hasi, na alama ya kutoa hupotea kirahisi watu wanaponakili. Mbarara mjini ni takriban -0.607 na 30.654. Ondoa alama hiyo na duka lako linahamia Kyenjojo, ndani ya Uganda kabisa, na ukaguzi unasema "ndani". Kabale ikipoteza alama yake inaingia Ituri, Kongo. Nayo inaweza kupita kwenye kisanduku, kwa kuwa kisanduku ni mraba na nchi si mraba.

Dawa ni kulinganisha wilaya iliyoandikwa na wilaya ambamo kitone kimeangukia. Kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, pakia vitone na mipaka, tumia "Join attributes by location", kisha chuja mistari ambayo majina mawili hayafanani. Ukiona "Mbarara" imeangukia Kyenjojo mara nyingi, umeshapata alama zako zilizopotea. Usizirekebishe zote kwa mkupuo kwa kuzidisha na -1. Kuna wateja wa kweli Kyenjojo.

Nyuzi, dakika na sekunde ni mtego mwingine. 0°20'51" si 0.2051. Ni nyuzi, kuongeza dakika kugawa 60, kuongeza sekunde kugawa 3600, yaani 0.3475. Ukiandika Kampala kwa njia ya mkato ya 0.2051 na 32.3457, utaikuta karibu na Mpigi.

Namba kubwa kama 453500 na 38400 ni mita za UTM. Zibadilishe kwenye QGIS kwenda EPSG:4326, yaani latitudo na longitudo za WGS84. Angalia zoni: sehemu kubwa ya nchi iko zoni ya 36, lakini Kisoro na Mpondwe ziko magharibi ya nyuzi 30, ambako ni zoni ya 35. Kusini mwa Ikweta namba ya pili huanzia juu, milioni 9 na kitu. Orodha moja yenye zoni mbili zilizochanganywa bila safu ya kuzitaja haitibiki kutoka mezani. Mtu arudi akapime.

Dalili: ramani imekubali lakini picha haiaminiki

Kampala ina kilomita za mraba zipatazo 189. Kwenye ramani ya nchi nzima ni kama punje ya ulezi, hata kama nusu ya mauzo yanatoka humo. Karamoja nayo inajaza jicho ikiwa na watu wachache. Ukitumia jumla tupu, rangi inafuata idadi ya watu na ukubwa wa ardhi. Wakiso, yenye zaidi ya watu milioni 3 kwa sensa ya 2024, itakuwa nyeusi katika karibu kila ramani unayochora, iwe ya soda au ya malaria. Gawanya kwa idadi ya watu au kaya kwa ramani za rangi. Jumla ziwekee miduara. Na Kampala pamoja na Wakiso ziwekewe ramani ndogo ya pembeni.

Ukigawanya kwa eneo, jihadhari na Ziwa Victoria. Mipaka ya Kalangala inaingia majini: eneo lake lote ni kilomita za mraba takriban 9,000, lakini nchi kavu haifiki 500. Msongamano wa watu utatoka mdogo mara kumi na tisa kuliko ulivyo. Tumia eneo la nchi kavu.

Wilaya moja ikimeza rangi zote na nyingine zikabaki sawa, weka kiwango cha juu cha rangi kwa mkono au tumia "Rules" zenye madaraja matano.

Kuna pia sifuri na tupu. Wilaya isiyotuma ripoti si sawa na wilaya iliyouza sifuri. Kwenye dirisha la rangi kuna chaguo la namna ya kushughulikia thamani tupu. Chagua rangi maalumu, kijivu kinatosha. Kisha kagua vipimo vyako: watu wengi huongeza "+ 0" mwishoni mwa fomula ili kuondoa nafasi tupu kwenye jedwali, na kwa kufanya hivyo wanageuza kila asiyeripoti kuwa sifuri.

Dalili: mwaka huu wilaya imeanguka vibaya

Arua imepoteza zaidi ya nusu ya wateja tangu 2014? Haikupoteza kitu. Imegawanyika. Arua ya 2014 leo ni Arua, Jiji la Arua, Madi-Okollo na Terego. Kabale ya wakati huo ni Kabale, Rubanda na Rukiga. Kibaale ni Kibaale, Kagadi na Kakumiro.

Tengeneza jedwali la ukoo wa wilaya lenye safu mbili, wilaya ya sasa na mzazi wake wa 2014. Chora mwelekeo wa miaka kwa mzazi, na hali ya sasa kwa wilaya ya leo. Kurudisha nyuma kunawezekana. Kugawa namba za 2014 kwenda wilaya mpya hakuwezekani bila data ya ngazi ya chini, na anayekugawia kwa asilimia ya kukisia anakutengenezea uongo mzuri. Asilimia nazo usizichukulie wastani unapounganisha. Jumlisha namba za juu ya mstari wa kugawanya, jumlisha za chini yake, ndipo ugawanye.

Jumla ikiongezeka maradufu baada ya kuunganisha, jedwali lako la ukoo au la majina lina jina lililojirudia. Lihesabu kwanza.

Dalili: ramani ni nzito, au vitu vinakosekana

Kila ramani ina kikomo. Shape map huishia pointi 1,500. Kaunti ndogo (gombolola) za Uganda zinapita 2,000, na parishi (muluka) zinapita 10,000. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Parishi uzinduliwe Kibuku mwaka 2022, kila mtu anataka ramani ya muluka, lakini huwezi kuzichora zote kwenye ukurasa mmoja wa Shape map. Weka kichujio cha wilaya kinacholazimisha uchaguzi mmoja. Ramani ya zamani ya vitone nayo hukata kwenye pointi 3,500 na kuchukua sampuli. Azure Maps hufika 30,000.

Dalili zisizo za kutatua peke yako

Vitone vikiwa ni nyumba za wagonjwa, wakopaji au wakimbizi, usipandishe ramani hiyo kabla ya kuzungumza na anayesimamia ulinzi wa data ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu, na ramani inayotafuta mahali kwa jina hutuma anwani kwenye seva za nje. Kupunguza latitudo na longitudo hadi desimali mbili huficha mahali kwa takriban kilomita moja, ila kijijini chenye nyumba tatu hiyo haitoshi. Jumlisha kwa gombolola.

Mpaka kati ya wilaya mbili ukibishaniwa, programu ya ripoti haiamui. Uliza UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa, au ofisi ya ardhi ni mstari upi unatumika rasmi, andika tarehe ya faili chini ya ramani, na usiuchore upya kwa mkono.